Niliitika Jina la Xiulan

Sehemu ya Sita

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Gu Peizhen, nitasema kwa kifupi, maana aibu haihitaji maneno mengi.

Mwaka 1983, katika kiwanda cha nguo kule Changzhou, niliwasha mtambo bila kutazama. Nilikuwa nafukuzia mita za nguo nilizopangiwa kwa mwezi. Mwenzetu Tao Guifang alikuwa ametia mkono kwenye rola, anatoa uzi uliojisokota. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaenda.

Rafiki yangu Pan Xiulan aliniona. Msimamizi alipokuja akifoka, Xiulan akasema ni yeye. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minne na mume mgonjwa wa mapafu. Yeye alikuwa bado hajazaa. Tulidhani atakaripiwa, basi. Wakamtoa kwenye mitambo wakampa ufagio, akafagia vyoo vya kiwanda miaka kumi na tisa.

Mimi nikanyamaza miaka thelathini na mitatu.

Vuli hii tukaondoka wastaafu wanane wa kile kiwanda kwenda Suzhou, siku tatu, kupiga picha madarajani na kula kaa. Xiulan naye alikuja. Ugonjwa wa kusahau umemwingia. Ya jana hayajui, ya zamani anayo yote. Binti yake, Yun, ndiye aliyenikabidhi mkono wa mama yake pale stesheni.

"Mama Mdogo," aliniambia, "ni wewe tu ninayekuamini."

Mliniacha asubuhi ya siku ya pili, tumepanga mstari kwenye daraja la mawe, mitandio juu, na Tao Guifang akimnyooshea Xiulan kile kidole kimoja na gumba alivyobakiziwa.

"Vua hicho kibao shingoni! Unaonekana kama mbuzi wa mnada."

Kibao chenyewe kilikuwa kadi aliyoiandika Yun: jina la mama yake, mji, namba ya simu. Nikamvua mimi, nikaitia mfukoni mwangu.

Nilikusudia kuirudisha. Hilo naliapa hadi leo, japo sijui nani ataniamini.

*

Mchana tulikula kwenye hoteli ndogo kando ya mfereji. Meza ya mviringo, ile ya kuzungusha. Kila samaki alipomkaribia Xiulan, Tao aliisukuma meza, samaki akapita.

"Dada Tao, mwache basi ale," alisema Kuang, mnene wetu, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Mpeni kichwa. Mfagiaji hachagui."

Wakacheka. Hata Xiulan alicheka, maana aliona wenzake wanacheka.

Mimi pia nilicheka. Miaka yote hiyo nilicheka pamoja nao, ndipo nikapata nafasi mezani.

Xiulan akaacha vijiti vyake. Akautazama mkono wa Tao kwa huruma, kama anauona leo.

"Masikini, mkono wako umefanya nini?"

Tao akaisimamisha meza.

"Muulize aliyenikata," akasema Tao.

"Nani? Peizhen?" Xiulan akanigeukia mimi. "Si uliniambia Guifang anaendelea vizuri? Mbona vidole havijaota?"

Naona bado lile bakuli la supu mbele yangu. Naona mafuta yanavyoelea juu yake.

"Ebo!" Kuang akaruka. "Hebu rudia hapo, bibi! Umesema Peizhen?"

Nikacheka kwa nguvu. "Kachanganyikiwa huyu. Jana asubuhi kaniita mama yake. Jioni kamwita dereva mume wake!"

"Hiyo ya jioni niliisikia," akakubali Kuang. "Dereva wa watu alitaka kufa kwa aibu."

Tao hakucheka wala hakukasirika. Aliniangalia tu, muda wa mtu kumeza tonge, kisha akachukua kipande cha samaki kwa mkono wa kushoto.

"Kuleni. Anapoa."

Nikasema moyoni: nimepona. Lakini usiku ule kulikuwa na karamu ya kaa na pombe ya mchele. Xiulan akipata kikombe kimoja angeongea mpaka wahudumu waje kusikiliza. Na alikwishaanza. Aliyekwisha kusema jina langu mara moja angelisema tena.

*

Kiongozi wa msafara wetu, bwana mmoja aitwaye Lu, wa miaka hamsini na ushee, alitupa saa moja ya kujitembeza. Saa nane na nusu wote tuwe kwenye basi.

"Naomba mnihurumie, akina dada," alisema, kibendera chake cha manjano kwapani. "Jana mlinichelewesha, kampuni ikaniandikia barua. Mtoto wangu yuko chuo kikuu."

Xiulan akataka kwenda haja. Nikampeleka choo cha umma, nikamshikia koti na kofia yetu nyekundu ya msafara. Nikasimama nje.

Dakika tano. Kumi. Nikaingia.

Xiulan alikuwa amepata ufagio. Alikuwa anafagia sakafu ya choo cha watu, taratibu, kuanzia pembeni kuja kati, anavyofagia mtu mwenye kazi yake. Wanawake walikuwa wanampisha. Mmoja alimwambia ahsante.

"Xiulan! Unafanya nini? Twende, basi linatungoja."

"Zamu yangu haijaisha." Hata hakuinua kichwa. "Msimamizi akija asinikute nimekaa. Wewe tangulia, Peizhen. Mtoto atakuwa analia."

Nilikuwa na njia ya kumtoa. Ningemwambia kengele imelia, angeuweka ufagio. Nilimjua. Neno moja tu.

"Tangulia," akasema tena.

Nikatangulia.

Nilipita kwenye ile njia ya mfereji na koti lake mkononi na kadi yake mfukoni, na kila hatua nilikuwa najiambia narudi. Sikutaka afe. Nawaambia kweli yangu kama ilivyo, kwa ubaya wake. Nilitaka apotee kidogo. Polisi wamwokote, Yun aje amchukue arudi naye nyumbani kabla ya karamu, iwe ajali ya ugonjwa. Nani angenilaumu? Wagonjwa wa kusahau hupotea kila siku.

*

Ndani ya basi nilikwenda kiti cha nyuma kabisa. Koti lake nikalisimamisha kwenye kiti cha dirishani, nikaliwekea kofia juu.

Bwana Lu akasimama mbele na karatasi yake.

"Kuang!"

"Nipo, na njaa imerudi!"

"Tao!"

"Nipo."

"Gu Peizhen!"

"Nipo."

"Pan Xiulan!"

Lu akainua macho. Mbele yake Kuang alikuwa amesimama, anaonyesha wenzake picha kwenye simu, na lile umbo lake lilikuwa limeziba njia yote.

"Pan Xiulan!"

"Yupo!" nikaitika. "Huku nyuma. Kalala."

"Mwacheni alale," akasema Lu, akaweka alama kwenye karatasi. Basi likaondoka.

Hatujafika hata barabara kuu, simu yangu ikalia. Yun.

"Mama Mdogo, mama amekula?"

"Amekula samaki, mwanangu. Na wali."

"Nipe niongee naye kidogo."

"Kalala. Nikimwamsha atasumbuka."

"Sawa. Mama Mdogo, nakushukuru. Usiku wa kuamkia leo nimelala. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu."

Nikasema hapana neno, ndiyo kazi ya ndugu. Nikakata simu. Nikalitazama lile koti, nikalifunga vifungo.

*

Baada ya dakika arobaini tukafika kwenye duka la hariri, maana msafara wa bei nafuu hauna budi kupitishwa dukani. Muuzaji alikuwa anatuvutia nyuzi za hariri mbele ya macho, Kuang anauliza kama wanaweza kumshonea shuka la ukubwa wake, watu wanacheka.

Nikahisi mtu amenishika kiwiko. Vidole viwili.

"Njoo nje."

Tao alikuwa amerudi kwenye basi kuchukua mtandio wake. Sasa koti la Xiulan lilikuwa mkononi mwake, bado limefungwa vifungo.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Peizhen, mimi si Kuang. Yuko wapi?"

Nikamwambia. Choo cha umma, njia ya mfereji. Nikaanza kulia. Nikasubiri apige kelele watu watoke.

Hakupiga kelele. Alisimamisha teksi.

"Ingia. Na usifute machozi, yatatufaa mbele ya safari."

*

Ndani ya teksi Tao alikaa mbele, mimi nyuma. Simu yangu ikalia: Yun. Ikakatika, ikalia tena.

"Usipokee," akasema Tao bila kugeuka. "Mpaka tujue la kusema."

"Dada Tao, kuhusu yale ya mezani..."

"Yapi? Kwamba ni wewe?"

Dereva alitutupia jicho kwenye kioo.

"Nilikuona, Peizhen. Mkono wangu ulikuwa ndani, lakini macho yangu yalikuwa nje. Nilikuona umeweka kidole kwenye swichi, unatazama saa ya ukutani. Miaka thelathini na mitatu naiona hiyo saa."

"Ulijua?"

"Kabla hata damu haijatoka."

"Sasa kwa nini..." Nikakumbuka samaki wanaopita. Nikakumbuka miaka kumi na tisa ya Xiulan kutemewa maganda ya alizeti miguuni, na anayetema wa kwanza ni Tao. "Kwa nini ulimwacha afagie?"

Sasa akageuka. Alikuwa mtulivu kabisa, kama mtu anayeulizwa bei ya kabichi.

"Fundi Heng, mume wa Xiulan, nilikuwa nimemtaka mimi kwanza. Nilimfulia, nilimpikia, nilimfumia fulana mbili. Akamwoa yeye. Siku ile Xiulan aliposema ni yeye, nilikuwa nimelala sakafuni, mkono umefungwa kwa shati la mtu, na nilimsikia. Nikasema: haya, mwenyewe kajileta."

"Na mimi je? Mimi ndiye niliyekukata!"

"Wewe?" Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ulikuwa na nini cha kunyang'anywa? Mume anakohoa, chumba kinavuja. Ningekufunga, ningefaidi nini?"

Nilikuwa nimeogopa siku hiyo maisha yangu yote. Nilikuwa nimeota namna atakavyonirukia, namna nitakavyopiga magoti. Sikuota kwamba hanitaki hata kwa kisasi.

"Basi leo unamtafutia nini?" nikauliza.

"Safari nimeiandikisha mimi, kwa jina langu. Akizama, mimi ndiye nitakayeitwa." Akarudisha uso mbele. "Dereva, hapa kulia."

*

Chooni hayupo. Mama wa usafi alikuwa amekaa mlangoni, ufagio hana.

"Yule wenu? Kafagia vizuri kuliko mimi! Kisha kaniuliza kiwanda kiko upande gani. Nikamwambia hapa hakuna kiwanda, akaniambia mimi mgeni sijui. Kaondoka na ufagio wangu."

Tukashika njia ya mfereji. Tuliuliza muuza maandazi, tukauliza wapiga picha wanaokodisha nguo za kale. Kwenye kituo cha mashua, wanawake wanaopiga makasia walikuwa wamemzunguka mwenzao mmoja aliyekuwa bado amelowa mpaka mabegani.

"Mnamtafuta mzee mwenye ufagio?" mmoja akatuuliza.

Nikaitika kwa kichwa.

"Alishuka ngazi kuosha ufagio wake. Ngazi zina utelezi, akatumbukia. Huyu hapa kamkamata kwa kasia, la sivyo saa hizi mngekuwa mnaongea mengine."

Yule aliyelowa akatutazama, sisi na kofia zetu nyekundu.

"Ninyi ni ndugu zake?"

"Marafiki," nikasema.

"Marafiki," akarudia. Akatuonyesha kwa kidevu njia ya kituo cha polisi, akaendelea kukamua shati lake.

*

Kituo kidogo cha polisi kiko nyuma ya soko. Yun alikuwa amekwishafika. Polisi walimpata kupitia jina alilolitaja mama yake, naye akarukia treni ya kasi. Alikuwa amepiga magoti chini, anamsugua mama yake nyayo. Xiulan alikuwa amevaa suruali ya kipolisi, kubwa, imekunjwa mara tatu, ameshika kikombe cha maji ya moto.

Aliponiona uso ukamng'aa.

"Umekuja! Mtoto kalala?"

Nikabaki mlangoni.

Akamgeukia yule afande aliyekuwa anaandika. "Usimwandike Peizhen. Andika mimi. Ni mimi niliyekosea. Mwenzangu ana mtoto mchanga, wakimtoa kazini maziwa yatamkauka."

"Mtoto mchanga yupi, bibi?" akauliza afande.

"Msamehe, afande," Yun akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mtoto wa Mama Mdogo ana miaka thelathini na mitatu. Mama huwa anasema maneno haya hata usingizini. Sijawahi kujua anaongelea nini."

Akasimama, akaja akanishika mikono yangu yote miwili. Hii ndiyo iliyoniua. Alinishika.

"Mama Mdogo, usilie. Najua umemtafuta. Ila niambie kitu kimoja. Niliongea na wewe saa tisa kasoro, ukaniambia mama kalala ndani ya basi. Wakati huo mama alikuwa anatolewa majini. Ilikuwaje?"

Kabla sijafungua mdomo, Tao alikwishajibu.

"Kiongozi, mwanangu! Yule Lu. Alisoma majina anachezea simu. Hakuhesabu mtu. Koti la mama yako lilikuwa kitini, Peizhen akadhani ni yeye kajifunika. Sisi wazee, macho yenyewe haya!"

Bwana Lu, aliyepigiwa simu na polisi, alikuwa ndiyo anaingia mlangoni, anahema, kibendera bado kwapani, na dereva wa basi nyuma yake. Aliyasikia yote.

"Si kweli! Niliita jina mara mbili. Mtu aliitika!"

"Nani?" akauliza afande.

"Sikumwona, njia ilikuwa imezibwa. Sauti ya mwanamke, kutoka nyuma." Akanigeukia mimi, jasho linamtiririka. "Dada yangu, wewe ulikaa nyuma. Wewe lazima ulisikia. Waambie. Nina barua moja tayari, ya pili wananinyang'anya kitambulisho cha kazi. Dada yangu, nakuomba."

Afande akaiandika taarifa. Kiongozi hakuhesabu wasafiri. Akamsogezea Tao. Tao akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, haraka, mwandiko mzuri. Miaka thelathini na mitatu ameufanyia mazoezi.

Kisha karatasi ikaja kwangu.

Nilimtazama Lu. Nilimtazama Yun, aliyekuwa anamfuta mama yake shingo. Ningesema wakati ule, ningesema yote, lile la mwaka themanini na tatu na hili la leo, na pale palikuwa na afande wa kuyaandika. Sitapata tena mahali pazuri kama pale pa kusemea.

Nikachukua kalamu. Nikatia sahihi.

Lu akakaa kwenye benchi, akakiweka kibendera chake chini.

"Afande, samahani." Alikuwa dereva, ameshika kofia kifuani. Siku mbili hajanena zaidi ya salamu. "Basi langu lina kamera. Moja mbele, moja nyuma juu ya kiti cha mwisho. Ni mpya, zinachukua na sauti." Akatoa simu yake. "Nimekwisha kuitoa hiyo sehemu. Sijaitazama. Nimeona nimletee mwenye mama."

Tao alikuwa wa kwanza kusimama.

"Afande, nifute pale," akasema. "Mimi nilikaa mbele, sikuona wala sikusikia. Haya yote niliambiwa na Peizhen."

Yun akaipokea ile simu. Hakuibonyeza. Alinitazama kwanza, na nikaona uso wake unavyoanza kuelewa, polepole, kutoka kwenye macho kushuka kwenye mdomo.

Xiulan akasogea kwenye benchi, akagonga nafasi aliyoniachia pembeni yake.

"Kaa, Peizhen," akasema. "Umesimama tangu asubuhi."

"Mama Mdogo," akasema Yun, kidole juu ya kioo cha simu, "niiwashe, au utasema mwenyewe?"